Wacheni Kuzika Hedseti Zikiwa Hai

Naanza na ombi moja kwa kila fundi wa simu kuanzia Kitui mjini mpaka Wote, na kwa kila binamu anayejiita mtaalamu kwa sababu ana laptopu: ukiletewa hedseti ya VR inayokataa kuingia mtandaoni, tafadhali usiiriseti. Weka mikono mfukoni. Kunywa chai kwanza. Halafu soma hapa mpaka mwisho.

Najua nitatukanwa kwenye komenti. Sawa tu, nimezoea.

Kuna jamaa yangu wa Wote. Mwaka jana alinunua hedseti ya mtumba Nairobi kwa shilingi 32,000. Hizo hazikuwa pesa za kuchezea. Nusu ilikuwa mkopo wa chama cha mamake, na kila mtu anajua pesa ya chama haina msamaha. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi: siku ya soko anaweka kiti, mwavuli na spika, mtu analipa 50 anacheza dakika tano. Watoto wa shule walikuja, vijana wa koleji wakaja, na kuna mzee mmoja wa boda aliyepiga nduru mpaka akina mama wa nyanya wakaacha kuuza. Siku nzuri jamaa alirudi nyumbani na 1,500. Kwa wale mnaojua Wote, hiyo si pesa mbaya.

Sasa Jumamosi moja hedseti ikagoma. Mchezo wake mkuu ulikuwa wa kupambana na watu mtandaoni, na hedseti ilikuwa inasema: imeunganishwa, hakuna intaneti. Akazima, akawasha. Akazima tena. Wateja wakaenda zao. Jioni akaipeleka kwa fundi.

Fundi akaishika nusu saa, akasema chipu ya waifai imekufa. Kisha, "kujaribu mara ya mwisho," akairiseti kabisa, ile ya kiwandani inayofuta kila kitu. Hedseti ikawaka kama mpya, ikasema: niunganishe na intaneti ndipo tuanze. Akaiunganisha na waifai ya pale dukani. Ikazunguka, ikazunguka, ikakwama. "Si nilikuambia?" Jamaa akamuuzia kwa 6,000, ya kutoa spea.

Mkopo wa chama unalipwa mpaka leo. Yeye sasa yuko Athi River anabeba mifuko ya saruji.

Miezi miwili baadaye, rafiki mwingine kutoka Mwingi akaniletea hedseti hapa Kitui. Ameinunua kwa 9,000, akaambiwa haina waifai lakini "labda utapata mtu." Niliitambua mara moja. Ilikuwa na mkwaruzo upande wa kushoto, na huo mkwaruzo nilikuwepo ukiingia, siku ilipogonga meza ya nyanya.

Nilifanya kitu kimoja tu. Niliwasha hotspoti ya simu yangu, data ya kawaida ya laini. Hedseti ikaunganika. Ikaanza kupakua sasisho. Data yangu ya gigabaiti 2 ikaisha nikinung'unika, nikanunua nyingine, na baada ya kama saa moja hedseti ilikuwa inafanya kazi kama siku ile ya kwanza sokoni.

Chipu haikuwa imekufa. Haikuwa hata mgonjwa.

Nilimpigia jamaa wa Wote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza tu: "Bado iko na ule mkwaruzo?"

Ndiyo maana leo nina hasira.

Hebu niwaambie kilichotokea, maana ni kitu kinachotokea kila mtaa. Jamaa alikuwa anatumia waifai ya mtaani, ile ya bob kumi kwa saa. Mwanzo ilikuwa na pasiwadi ya kawaida. Halafu mwenye waifai akabadilisha mfumo: sasa unaunganika bila pasiwadi, unaletewa ukurasa, unalipa kwa M-Pesa, ndipo mlango unafunguliwa. Kwa simu haina shida, ukurasa unajitokeza wenyewe. Kwa hedseti, ukurasa mara nyingi haujitokezi. Kwa hiyo hedseti imeingia kwenye waifai, imesimama mlangoni, inangoja kufunguliwa, na hakuna mtu anayejua kwamba kuna mlango.

Kabla ya kuriseti, suluhisho lilikuwa ndani ya hedseti yenyewe. Ina brauza. Unafungua brauza, unaandika anwani ya ukurasa wa kawaida usio na kufuli, kama neverssl.com, ambayo ilitengenezwa kwa kazi hiyohiyo, na ukurasa wa malipo unajitokeza. Unalipa kwa simu, unaingiza kodi, umemaliza. Bob kumi!

Lakini ukishairiseti, brauza huioni tena. Kwa hedseti nyingi huwezi kufika popote kabla hujamaliza hatua za kuanza, na hatua za kuanza zinataka intaneti. Fundi alifunga mlango pekee uliokuwa wazi, akatupa ufunguo, halafu akasema nyumba imeharibika.

Somea hapo polepole: umechukua kifaa ambacho shida yake ni kukosa intaneti, umekifuta mpaka kiwe kinahitaji intaneti ndipo kiwake. Hiyo ni dawa gani? Na isitoshe umefuta michezo yote iliyokuwa ndani, ambayo mingi ingeendelea kuchezwa bila mtandao wowote. Beat Saber haihitaji waifai ndipo ukate zile boksi. Jamaa angeweza kuendelea kuuza dakika zake tano siku ileile huku akitafuta shida iko wapi. Riseti ndiyo iliyomfungia biashara.

Sisi ni watu wa Ukambani. Shida ya maji tunaijua kuliko yeyote. Hakuna mama Mutomo anayepasua mtungi kwa sababu kisima kimekauka. Anaweka mtungi chini, anaangalia kisima. Akikosa, anaenda mtoni anachimba mchanga. Mtungi hauna makosa! Lakini tukifika kwa vifaa vya kisasa akili hiyo tunaiacha nyumbani. Mtandao umekauka, tunapasua hedseti.

Hedseti inaongea, wewe husikii

Kitu kinachoniudhi zaidi ni kwamba hedseti huwa imekuambia shida yake. Kuna sentensi tatu, na kila moja ni ugonjwa tofauti kabisa.

Ya kwanza: hakuna mtandao wowote unaoonekana. Orodha ni tupu. Hapa ndipo unaweza kuanza kushuku chipu, na hata hapa usikimbie. Izime kabisa, si kuilaza tu kwa kubonyeza kitufe mara moja, ikae dakika moja, iwashe. Isogeze mita mbili kutoka kwa ruta. Bado tupu huku simu tatu zinaona waifai kumi? Sawa, sasa una haki ya kusema neno "chipu."

Ya pili: inaona jina la waifai lakini inakataa kuunganika. Hapa ni pasiwadi, au ulinzi wa ruta, au masafa. Ambia hedseti isahau huo mtandao, kisha andika pasiwadi upya, herufi moja moja, maana kuandika kwa kuelekeza mkono hewani si mchezo na herufi kubwa hujipenyeza. Kama pasiwadi ni sahihi, angalia ruta: ikiwa imewekwa ulinzi wa WPA3 pekee, kuna vifaa vitakwama. Weka WPA2 au ule mchanganyiko wa zote mbili.

Ya tatu: imeunganishwa, hakuna intaneti. Hii ndiyo ya jamaa yangu. Na hapa nataka mafundi wote wasimame. Chipu iliyokufa haiwezi kuunganika! Ikiwa hedseti imeona jina, imekubaliwa na ruta, imepewa nafasi, basi redio yake inafanya kazi. Shida iko mbele: kwa ruta, kwa malipo, kwa saa, kwa mtu aliyefunga njia. Fundi aliyesoma sentensi ya tatu akaamua ni chipu ni kama daktari anayesikia mtu akikohoa halafu anasema huyu hana mapafu.

Njia ya kujua ukweli ni rahisi mpaka inakera. Ni mabadilishano tu. Weka simu kwenye waifai ileile: ikikosa intaneti pia, wacha hedseti kabisa, piga simu kwa mwenye waifai. Simu ikipata, chukua hedseti uweke kwenye hotspoti ya simu nyingine: ikipata, hedseti ni nzima na shida ni ile waifai ya kwanza. Dakika tano. Haihitaji bisibisi, haihitaji diploma. Kama fundi hajafanya hivi viwili, hajakagua chochote. Usimlipe.

Na ukitumia hotspoti ya simu, ingia kwenye mipangilio yake uangalie masafa. Kuna gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ile ya 2.4 inafika mbali na inapita ukuta, lakini kila mtu yuko hapo, na katikati ya mji ni kelele tupu. Ile ya 5 ina kasi, lakini ikikutana na ukuta wa mawe au matofali ya kuchoma, hizi nyumba zetu, inachoka upesi. Hedseti haioni hotspoti yako? Badilisha masafa ujaribu tena. Inaona lakini mchezo unagandaganda? Nenda 5 na ukae chumba kimoja na ruta.

Halafu kuna saa. Hii ndiyo watu hunicheka nikisema, halafu wananirudia wakinong'ona. Hedseti ikikaa kwa droo miezi mitatu betri ikaisha kabisa, inaweza kuamka ikidhani ni mwaka mwingine. Sasa kila seva inayofaa mtandaoni huonyesha cheti chake, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Hedseti ikiamini tuko 2019, inaangalia cheti cha leo, inaona bado hakijazaliwa, inakataa. Wewe unaona "hakuna intaneti." Unachaji ijae, unarekebisha tarehe na saa, unawasha upya. Kwisha.

Na kabla hujasema ni ushamba

Kuna wale watakaosema, "VR ni ya Nairobi, nyinyi huko chezeni bano." Ngoja niwape historia kidogo.

Tarehe 7 Machi 2018, hedseti za Oculus Rift zilikataa kuwaka dunia nzima. Si Kitui. Marekani, Ulaya, kila mahali. Sababu? Cheti kwenye programu yao kilikuwa kimeisha muda na kampuni haikukihuisha. Kuna watu waliorudisha saa za kompyuta zao nyuma ndipo zikakubali. Oculus wakatoa marekebisho, ambayo watu walilazimika kuyapakua kwa mkono, na wakawapa walioathirika dola 15 za kununulia vitu kwenye duka lao. Yaani wenyewe waliotengeneza, na mabilioni yao, walianguka kwa tarehe.

Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa kama saa sita. Wenye hedseti za Oculus nao wakajikuta nje, kwa sababu kila kitu kilikuwa chini ya paa moja. Waifai zao zilikuwa safi. Ruta zilikuwa zinawaka kijani. Ambaye aliriseti hedseti yake siku hiyo alijichimbia kaburi mwenyewe.

Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika na mtandao wa Afrika Mashariki yote ukaanza kutambaa. Hiyo wiki niliambiwa na watu kadhaa kwamba simu zao "zimeharibika."

Matukio matatu, sababu tatu tofauti. Hakuna hata moja ambalo lingetibiwa kwa kuriseti. Kwa hiyo si ushamba. Ushamba ni kurudia dawa ileile kwa kila ugonjwa.

Mafundi mtanisamehe, kidogo

Nimeandika kwa ukali lakini sitadanganya. Yule fundi si mwizi. Alifanya alichoona kwenye video. Na hizo video ndizo tatizo lingine. Mtu yuko kwa nyumba yake Texas, ana ruta yake, amelipia mwezi mzima, hakuna anayemwomba kodi ya M-Pesa. Anakuambia "sogea karibu na ruta yako." Ruta yangu? Mimi ruta yangu iko juu ya ghorofa ya mtu nisiyemjua, nyuma ya duka la vyakula vya kuku, na inauza tokeni. "Ingia kwenye mipangilio ya ruta." Nikiingia kwenye mipangilio ya ruta ya yule mzee nitashtakiwa.

Na sisi watengenezaji wa kontenti wa hapa tunafanya nini? Tunatafsiri hizo video neno kwa neno, tunaweka muziki chini yake, tunaomba likes. Mimi mwenyewe nimefanya. Mwaka juzi nilikuwa na video iliyosema hatua ya tatu ni kuriseti. Nimeifuta. Kama uliifuata ukapoteza michezo yako, pole, na ninasema hivyo nikimaanisha.

Pia kuna wakati riseti inasaidia. Programu inaweza kujikoroga kiasi kwamba hakuna njia nyingine. Lakini iwe ya mwisho kabisa, baada ya mabadilishano, baada ya saa, baada ya kusahau mtandao na kuurudia. Na usiifanye kabla ya kuwa na mtandao safi mkononi usio na ukurasa wa malipo, data ya kutosha kupakua sasisho ambalo linaweza kuwa gigabaiti nzima au zaidi, na mwenye hedseti akiwa karibu na akaunti yake na pasiwadi yake. Kama huna hivyo vyote, ngoja. Hedseti haitaoza.

Sasa twende kwa wakubwa

Wenye kutengeneza hedseti kwanza. Mnatengeneza kifaa kwa kudhani kila nyumba ina ruta yake, inalipwa kila mwezi na haizimiki. Dunia nyingi haiishi hivyo. Kwa nini kifaa nilichonunua kwa pesa yangu kisiwake hata mara moja bila kuomba ruhusa mtandaoni? Kwa nini ukurasa wa malipo ya waifai, ambao simu ya bei ya chini kabisa inaufungua, usifunguke kwenye hatua za kuanza? Hiyo si sayansi ngumu. Ni kwamba hakuna aliyewauliza watu kama sisi.

Na msiniambie kelele hazisaidii. Mwaka 2020, Oculus ilianza kulazimisha akaunti ya Facebook ndipo utumie hedseti mpya. Watu wakapiga kelele. Ujerumani, uuzaji wa hedseti hizo ukasimama, na Desemba mwaka huohuo mamlaka yao ya ushindani ikafungua uchunguzi. Agosti 2022, Meta ikaleta akaunti tofauti ambazo hazihitaji Facebook. Kwa hiyo kelele hufanya kazi, ikipigwa na watu wengi kwa muda mrefu. Sisi tunapiga ya kuuliza bei tu.

Pili, wale wanaopenda kuleta hedseti shuleni na kwenye vituo vya mafunzo, wanapigwa picha wanafunzi wakishangaa na midomo wazi, halafu wanarudi Nairobi. Hongera kwa picha. Swali langu ni moja: mtandao uko wapi? Mashule mengi yamefunga Facebook kwenye waifai yao, na ni haki yao. Lakini hedseti ya Quest inaongea na seva za kampuni hiyohiyo yenye Facebook. Ukifunga moja kwa upofu, unaweza kuwa umeifunga nyingine. Halafu mwalimu anaambiwa hedseti ni mbovu, zinawekwa kabatini, na kabati linafungwa. Ukileta hedseti kumi bila ruta yake, bila masomo yaliyopakuliwa ndani tayari, bila mtu mmoja aliyefundishwa zile sentensi tatu, umeleta miwani mizito ya plastiki.

Na hii inauma zaidi ukiwa Makueni. Mkongo wa mtandao kutoka Mombasa kwenda Nairobi unapita kando ya ile barabara yetu, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali. Intaneti ya nchi nzima inapita chini ya miguu ya watu wanaonunua waifai kwa bob kumi. Konza, mji wa teknolojia wa ekari 5,000, jiwe la msingi liliwekwa na Rais Kibaki Januari 2013, na uko palepale Malili, mlangoni mwa Makueni. Sipingi Konza. Nataka tu ijulikane kwamba mtu anaweza kuishi mwendo wa matatu moja kutoka "mji wa kesho" na bado apoteze 26,000 kwa sababu hakuna aliyemwambia hedseti ina brauza.

Tatu, wenye waifai za mtaani. Nyinyi ni mashujaa, nasema kweli. Bila nyinyi nusu ya marafiki zangu hawangekuwa mtandaoni. Lakini mkibadilisha mfumo, bandikeni karatasi. Na tengenezeni njia ya kusajili kifaa kisicho na ukurasa: mteja anakupa anwani ya kifaa chake, ile namba iliyo kwenye mipangilio, unamfungulia kutoka kwako. Mitambo mingi mnayotumia inaweza. Mtauza zaidi. Leo ni hedseti, kesho ni televisheni na spika. Vyote hivyo vitakuja kusimama mlangoni vikiwa bubu.

"Lakini watu wanataka maji, wewe unalilia VR"

Hii komenti itakuja, kwa hiyo nijibu mapema.

Ndiyo, watu wanataka maji. Mimi pia nimebeba mtungi. Lakini jamaa yangu hakuomba kaunti imnunulie hedseti. Alijinunulia, kwa deni, akatengeneza kazi pale ambapo hakukuwa na kazi. Kila siku tunaambiwa vijana wajiajiri, wawe wabunifu, waache kungoja serikali. Huyu alifanya hivyo. Na akaangushwa na kitu cha bob kumi, na ujuzi wa dakika tano ambao hakuna aliyekuwa nao karibu naye. Kama hilo halistahili hasira, basi sijui hasira tunaiweka kwa nini.

Ujuzi huo haupiti kwenye bomba. Unapita kwa watu. Kwa hiyo fanya kitu kimoja wiki hii. Zile sentensi tatu, ziandike kwenye karatasi: haioni, inakataa, imeunganishwa bila intaneti. Ibandike kwa fundi wa mtaa wako, kwa saiba, kwa chumba cha kompyuta cha shule uliyosoma. Kama una hedseti, pakua michezo yako ukiwa na mtandao mzuri, usingoje siku ya soko. Na kama umeambiwa yako imekufa, usiuze bado. Iko Kitui, Mwingi, Kibwezi au Emali, niandikie. Sitozi kitu. Njoo na data yako tu, yangu iliisha.

Ile hedseti yenye mkwaruzo bado iko Mwingi. Mwenyewe amekubali kuiuza tena kwa 12,000, faida kidogo ya usumbufu, na sina neno naye, biashara ni biashara. Jamaa wa Wote anasema mkopo wa chama ukiisha ataongea naye.

Nimemwambia akiichukua, siku ya kwanza sokoni nitakuwepo, na 50 yangu mkononi.